Nakala ya gobori la kale: kabla hujalipa, tazama mtutu na mtambo

Swali la msomaji: Naishi Pennsylvania, Marekani, asili yangu ni Handeni. Nataka kununua nakala ya bunduki ya kale inayotumia baruti nyeusi, kwanza kwa kulenga shabaha na baadaye, nikishapata leseni ya uwindaji, niwinde kulungu kwenye ule msimu wa magobori. Mtandaoni nimeona tatu: bastola ya silinda ya "Navy" kaliba .44 yenye fremu ya shaba, mpya, dola 260. Bunduki ya Hawken .50 ya fataki, imeshatumika, dola 325. Na gobori la gumegume aina ya Brown Bess lililotengenezwa India, jipya, dola 700. Ninunue ipi? Niangalie nini? Na ni kweli kwamba hazihitaji kibali?

Jibu:

Ndugu yangu, kabla ya bei tuanze na msimu, maana ndio unaoamua mengine yote. Pennsylvania ina misimu miwili inayomhusu mtu wa gobori. Ule wa Oktoba, wa kulungu wasio na pembe, unaruhusu bunduki yoyote ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, ya fataki (kikofia kidogo cha mlipuko kinachogongwa na nyundo) ikiwemo. Ule wa baada ya Krismasi, ulioanza mwaka 1974 na ndio wenye sifa, ni wa gumegume peke yake: cheche za jiwe, si fataki, tena kaliba, yaani kipenyo cha ndani cha mtutu kwa inchi, isiwe chini ya .44. Kama msimu unaousema ni huo wa pili, Hawken ya fataki haikufai hata ingekuwa mpya kama imetoka kiwandani jana. Na bastola hiyo ya silinda haina nafasi kwenye uwindaji huo kabisa.

Kwa hiyo katika hizo tatu hakuna ninayokuambia uilipie leo. Unachokihitaji ni ndugu wa ile ya pili: bunduki ya mifuo (mifereji ya msokoto ndani ya mtutu) aina ya Hawken au Kentucky, kaliba .50, yenye mtambo wa gumegume, kutoka kwa mtengenezaji ambaye mitutu yake hupimwa. Ukiwa na haraka ya kulenga shabaha tu na pesa ni hiyohiyo, Hawken ya fataki ndiyo ya kufuata, ila baada ya ukaguzi nitakaoueleza. Nitazipitia zote, maana kasoro zake zinafundisha, na kesho utaona nyingine zenye kasoro zilezile kwa bei nyingine.

Kwanza sheria. Ulichosikia ni kweli, lakini ni nusu ya maneno. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, Gun Control Act, inazihesabu kuwa "za kale" bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, nakala zake zisizotumia risasi za ganda za kisasa, pamoja na bunduki za kushindilia kwa mdomo zilizobuniwa kwa baruti nyeusi na zisizoweza kutumia risasi za ganda. Hizo kwa sheria ya shirikisho huweza kutumwa kwa posta hadi mlangoni bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Hazimo kwenye kundi hilo bunduki za kushindilia zilizojengwa juu ya fremu ya bunduki ya kisasa, wala zile ambazo ukizibadilisha mtutu au kitasa cha nyuma zinapiga risasi za ganda. Vivyo hivyo, bastola yako ya silinda ukiivalisha silinda ya kubadilishia inayokula risasi za ganda, machoni pa sheria imekwisha kuwa silaha ya kawaida. Silinda hizo huuzwa pembeni kama kikorokoro cha kuchezea; usiguse bila kujua unachoingia.

Halafu kuna majimbo, na kila jimbo lina yake. Ng'ambo ya mto Delaware tu, New Jersey, hiyohiyo Hawken inahitaji kitambulisho cha mnunuzi wa silaha, na bastola inahitaji kibali chake. Ukihama au ukienda kulenga shabaha huko, unaibeba sheria nyingine. Hata Pennsylvania, kununua bila karatasi hakumaanishi unaweza kutembea mjini na bastola imeshindiliwa kiunoni. Na kama uko nchini kwa viza ya muda, au uliwahi kuhukumiwa kwa kosa lolote zito, muulize wakili wa jimbo lako kabla hujalipa. Neno la muuzaji kwenye tovuti si ushauri wa sheria.

Usiwaze kuja nayo nyumbani kumwonyesha mjomba. Tanzania gobori lisilo na kibali ni kesi, na halitazamwi kwamba ni nakala au ni la kale. Baruti nyeusi na fataki haziruhusiwi kwenye ndege za abiria kutoka Marekani, si kwenye begi la mkononi wala la chini.

Sasa hiyo bastola. Tangazo linasema "Navy 1851, .44, fremu ya shaba". Colt hakuwahi kutengeneza kitu hicho. Navy ya 1851 ilikuwa kaliba .36 yenye fremu ya chuma; .44 ya mwili wa namna hiyo ilikuja na Army ya 1860. Fremu ya shaba ina historia yake kweli, lakini ni ya upande wa Kusini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani: kiwanda cha Griswold & Gunnison huko Georgia kilitumia madini ya shaba kwa sababu ya uhaba wa chuma vitani, na bastola zake zilikuwa .36. Unachouziwa, basi, ni mseto wa bastola mbili ambazo hazikuwahi kukutana. Kwa mtu wa kupamba ukuta haidhuru. Kwa mtu wa kupiga, kasoro iko kwenye shaba yenyewe.

Katika bastola za Colt za aina hii hakuna daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu na fremu vinashikana kwa mhimili mmoja uliosimikwa kwenye fremu, unaopita katikati ya silinda na kufungwa kwa kabari mbele. Kila risasi ikitoka, mtutu unauvuta mhimili mbele na silinda inagonga fremu nyuma. Chuma kinavumilia. Shaba inaanza kulegea kwenye nyuzi za mhimili, na uso wake ulio nyuma ya silinda unachapwa alama za meno ya silinda, mduara mzima, kama muhuri. Nafasi kati ya silinda na mtutu inaongezeka, nyundo haiifikii fataki kwa nguvu ileile, unaanza kulaumu fataki. Ukiikuta bastola ya shaba iliyotumika, ondoa silinda utazame uso huo kwanza: alama hizo zikiwa zimezama, funga tangazo. Mwenye nayo tayari aishindilie greni 15 hadi 20 tu za baruti ya 3F (F zikizidi, chembe za baruti ni ndogo zaidi). Ya .44 yenye fremu ya chuma hupigwa kwa raha na greni 25 hadi 30. Greni 30 ni gramu 2 kasoro kidogo, kwa hiyo hapa hatuzungumzii vijiko.

Ukija kutaka bastola siku nyingine, chukua ya chuma: Remington ya 1858, ambayo ina daraja juu ya silinda na fremu nzima isiyofunguka, au Army ya 1860. Majina mawili utakayoyaona zaidi ni Pietta na Uberti, yote ya mkoa wa Brescia, Italia. Uberti husifiwa kwa umaliziaji, lakini Colt zake zina ugonjwa mmoja unaojulikana: mhimili ni mfupi, haufiki mwisho wa tundu lake kwenye mtutu. Matokeo yake kabari ukiigonga kwa nguvu zaidi, mtutu unarudi nyuma na kuibana silinda. Ukiilegeza, nafasi inafunguka, na kila ukikusanya bastola inapiga kivyake. Kupima ni dakika moja. Ondoa silinda, vaa mtutu kwenye mhimili ukiwa umeupinda pembeni ili sehemu yake ya chini ipite kando ya fremu, usukume hadi ukome. Ukikoma sawasawa na uso wa fremu, mhimili uko sawa. Sehemu ya chini ya mtutu ikipita na kuipanda fremu kwa ubavu, mhimili ni mfupi. Fundi huweka kipande kidogo cha chuma ndani ya tundu na tatizo limekwisha. Si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Goroli za bastola ni lazima zizidi kidogo tundu la silinda. Kwa .44 ya Pietta watu hutumia .451 au .454, kwa Uberti .454, kwa .36 ni .375. Ukiisukuma goroli ndani kwa mkono wa kushindilia, uone pete nyembamba ya risasi imenyolewa na kubaki mdomoni mwa tundu. Pete hiyo ndiyo inayokuonyesha kwamba moto hautapenya mbele kwenda tundu la jirani. Goroli ndogo na fataki zinazocheza ndizo sababu za tundu mbili tatu kulipuka kwa mpigo, jambo ambalo mwenye vidole vyake halitaki mara ya pili.

Brown Bess kutoka India. Hapa najua moyo wako uko wapi, maana ndilo linalofanana zaidi na magobori yaliyofika kwetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa na za mifuo zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Sura ya gobori unayoikumbuka ina mkono wa mkataba huo kwa sehemu.

Lakini dola 700 hizo zina maswali. Nakala nyingi za India hazijapita kwenye ofisi ya serikali ya kupima mitutu. Baadhi huingia Marekani bila tundu la moto kabisa, zikiuzwa kama mapambo, kisha muingizaji au mnunuzi hulitoboa. Muulize muuzaji maswali matatu, na yajibiwe kwa maandishi: nani alitoboa tundu, mtutu ulipimwa kwa baruti kiasi gani na goroli ngapi, na ni bomba la chuma gani, limeunganishwa au halina mshono? Akijibu "wateja wetu wote wanapiga", hajajibu. Tatizo la pili ni bamba la cheche, lile bamba la chuma linalosimama mbele ya gumegume. Kwenye nyingi limetiwa ugumu juu juu, au halikutiwa ugumu ipasavyo. Jiwe linalichimba mifereji badala ya kunyoa cheche, na baada ya wiki chache una mtambo unaopiga kelele bila moto. Fundi anaweza kulitia ugumu upya. Hesabu gharama hiyo kwenye bei.

Tatizo la tatu si la India, ni la Brown Bess yenyewe: mtutu laini wa .75 hauna mifuo. Goroli yake ya .690 ina uzito wa gramu 32 hivi, ikimpata kulungu imempata, ila zaidi ya mita 50 usiahidi kitu. Kwa maigizo ya vita na milio mitupu ni bunduki nzuri ya kutazama. Kwa mtu anayejifunza kulenga ni mwalimu mbaya, maana hutajua kosa ni lako au ni la goroli iliyoyumba.

Tumefika kwenye Hawken, na hapa nitakaa kidogo.

Hawken halisi zilitengenezwa St. Louis na ndugu Jacob na Samuel Hawken kwa ajili ya watu wa milima ya Rocky: mtutu mnene, vyuma vyeusi visivyong'aa, hakuna urembo. Zinazouzwa kwa jina hilo leo nyingi zina shaba tele na mtutu mfupi. Ile ya Thompson/Center, iliyoanza 1970 na kutapakaa Marekani nzima, ni Hawken kwa jina zaidi kuliko kwa sura. Lakini ni bunduki imara, na iliyotumika yenye mtutu safi ni manunuzi mazuri. Investarm ya Italia ndiyo iliyotengeneza Great Plains iliyouzwa na Lyman, ambayo kwa sura inakaribia zaidi. Pedersoli wako juu kwa ubora na kwa bei. Traditions hutoka Ardesa, Hispania. Za bei nafuu, mitutu yake si mibaya, mitambo yake ya gumegume ndiyo inayohitaji uvumilivu.

Uliza msokoto wa mifuo. Mzunguko mmoja kwa inchi 48 ni wa suluhu: unapiga goroli yenye kitambaa na pia risasi ndefu. Mmoja kwa inchi 60 au 66 umekusudiwa goroli. Ukiona mmoja kwa 28 au 32, huo ni wa risasi ndefu. Goroli yenye baruti nyingi haitaushika vizuri. Kwako wewe 48 au 60 zote sawa.

Ukaguzi wa iliyotumika unaanza na jambo ambalo watu wengi huliruka: je, imeshindiliwa? Bunduki hizi hukaa ukutani miaka kumi na baruti ndani, na baruti nyeusi kavu haizeeki. Mdomo ukiwa umeelekezwa pasipo na mtu, na kifa (kichuchu kinachovishwa fataki) hakina fataki wala kisahani cha gumegume hakina baruti, chomeka mdeki, yaani ufito wa kushindilia, mpaka ukome, weka alama ya kalamu pale mdomoni, uutoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje alama ikiwa mdomoni. Ncha yake inatakiwa ifike karibu na kifa, au tundu la moto kwa gumegume. Hawken nyingi zina chumba cha nyuma chembamba kuliko mtutu, kwa hiyo mdeki husimama mapema kidogo, sentimita moja au mbili. Lakini ikipungua zaidi ya hapo, chukulia imeshindiliwa: greni 70 za baruti kwenye .50 zinachukua kama sentimita 3 na nusu, na goroli sentimita moja na robo juu yake. Hapo usijaribu kitu, mpelekee fundi.

Baada ya hapo, mtutu kwa ndani. Mabaki ya baruti nyeusi yanavuta unyevu kama chumvi, na mtu akiiacha bunduki siku mbili bila kuiosha, kutu inaanza, hasa nyuma kabisa ambako mwanga haufiki. Mdomo ukiwa unang'aa haukuambii lolote. Wauzaji hupiga picha mdomo huohuo. Dondosha taa ndogo ndani au omba muuzaji afanye hivyo. Halafu kitambaa kilichobana, chenye mafuta kidogo, kisukumwe polepole kwa mdeki hadi chini na kurudishwa. Mkono unasikia kuliko jicho: kitambaa kinatakiwa kiteleze kwa ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza nyuma, kuna mashimo ya kutu. Kikilegea ghafla katikati kisha kubana tena, mtutu umevimba: mtu aliwahi kupiga goroli ikiwa haijakaa juu ya baruti, kukawa na hewa katikati. Mtutu uliovimba hauna dawa, unabadilishwa. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo mwekundu ni kutu hai. Kikitoka cheusi ni uchafu tu, unaoshwa.

Rudi nje. Eneo la chuma kuzunguka kifa lisiwe limeliwa na miali. Nyundo ikishuka ifunike kifa katikati, si upande. Kifa kifunguke kwa ufunguo wake; kilichoganda kwa kutu kinaweza kuvunjika na kukuachia uzi ndani. Vuta nyundo hadi nusu, bonyeza kifyatulio kwa nguvu ya kawaida: isishuke. Vuta mpaka mwisho, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio: isiteleze. Ikishindwa jaribio lolote kati ya haya mawili, meno ya mtambo yamelika na bunduki hiyo itamdhuru mtu. Usiiache nyundo igonge kifa kitupu wakati wa majaribio. Ishike ishuke taratibu. Mbao uzitazame shingoni na nyuma ya mtambo, ufa mwembamba hujificha kwenye mafuta ya kung'arisha.

Kwa gumegume ongeza haya. Jiwe jipya lenye makali, lifungwe mdomoni mwa nyundo kwa kipande cha ngozi, lipige bamba juu kidogo ya katikati na kulinyoa hadi chini. Kwenye chumba chenye giza, bunduki ikiwa tupu na kisahani kikavu, cheche zianguke ndani ya kisahani, nyingi na nyeupe. Cheche nyekundu chache ni bamba laini au jiwe butu. Badilisha jiwe kwanza kabla ya kulaani bamba. Tundu la moto liwe na kipenyo cha milimita 1.6 hivi, usawa wa juu kidogo ya sakafu ya kisahani. Likiwa chini, baruti ya kisahani inalifunika na inawaka kama utambi, unasikia "fyuuu" kabla ya "pa", na kulungu ameshaondoka. Likitanuka kupita milimita 2, nguvu inavujia pembeni. Kama limevalishwa kipande cha kufungua kwa skrubu, ni dola chache kukibadilisha.

Alama. Mitutu yote ya Italia hupita ofisi ya kupima ya Gardone Val Trompia. Tafuta herufi PN, maana yake baruti nyeusi kwa Kitaliano, na karibu yake kijisanduku chenye herufi mbili za mwaka: AA ni 1975, BN ni 2000, CA ni 2006. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "haijawahi kupigwa, ya mwaka jana" na sanduku linasema AN, ilitoka 1985. Alama hizo pia ndizo zinazofichua nakala iliyochakazwa kwa asidi na kuuzwa kama ya vita ya 1861. Ukiona mahali palipopigwa tupa pasipo sababu, hasa upande wa chini wa mtutu unaofichwa na ubao, jua kuna kitu kimefutwa.

Sasa gharama ambazo tangazo halikutajii. Gumegume linataka baruti nyeusi ya kweli. Mbadala kama Pyrodex huwaka kwa joto kubwa zaidi, na cheche za kisahani haziuwashi kwa uhakika. Kwa fataki unapita, kwa gumegume utaishia kukasirika. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kuwa na baruti nyeusi ya kiwandani hadi ratili 50 kwa michezo na burudani za bunduki za kale bila leseni ya milipuko, lakini jimbo na mji vina masharti yao ya kuihifadhi. Kuitumisha kuna ada ya vitu vya hatari kwa kila mzigo, ndiyo maana watu huungana na kuagiza ratili kadhaa kwa pamoja. Kwa .50, 2F au 3F kwenye mtutu, 4F kidogo kwenye kisahani. Goroli .490, kitambaa cha pamba cha unene wa inchi .015, kilichopakwa nta iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya mashine usipake kwenye kitambaa. Yanaungana na masizi kuwa kama lami.

Anza na greni 50, panda kwa tano tano ukitazama matundu kwenye karatasi, na usivuke kiwango cha juu kilicho kwenye kitabu cha mtengenezaji wa bunduki hiyo. Mara nyingi mahali pazuri hupatikana kati ya 60 na 80, kabla ya bega kuanza kulalamika. Kipimo ni cha ujazo, kijiko cha kupimia cha shaba. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa ya baruti kuingia kwenye mtutu: kaa moja likiwa limebaki ndani, moto unarudi kwenye chupa nzima iliyo mkononi mwako. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi isiingie humo, hata chembe, hata kwa kuchanganya. Mitutu hii inapasuka.

Pamoja na hayo utanunua mawe ya gumegume sita hivi, sindano ya kuzibulia tundu, kigongo kifupi cha kuanzishia goroli, kichwa cha kusafishia cha mdeki, na ndoana ya skrubu ya kuopolea goroli siku utakayosahau kuweka baruti. Utasahau. Weka pembeni kama dola 100 hadi 150 za vitu hivi kabla ya baruti. Maji ya moto na sabuni ya vyombo ndiyo dawa ya kuoshea, siku ileile, si kesho.

Kwa hiyo mwandikie mwenye Hawken hivi: "Naomba picha nne: alama zote za mtutu pamoja na upande wa chini ukitolewa ubaoni, ndani ya mtutu ukiwa na taa chini, kifa na eneo lake kwa karibu, na mdeki ukiwa umelazwa juu ya mtutu na alama mdomoni. Je, unakubali kurudishiwa ndani ya siku tatu kama mtutu una mashimo?" Wenye bunduki nzuri hujibu maswali haya kwa furaha, wengine hata kwa kirefu kupita kiasi. Akikubali na picha zikawa safi, dola 325 ni bei ya haki kwa shabaha na msimu wa Oktoba. Wakati huohuo weka akiba ya gumegume la Great Plains au la Pedersoli kwa Januari. Ikifika nyumbani, hata kama picha ya mdeki uliiona, chomeka mdeki wako tena kabla hujafanya kingine chochote.